Chimba Tena Kesho

NENO LA WIKI
Andiko kuu: Mwanzo 26:12–33

 

Jumapili iliyopita tulikaa katika Mwanzo 26. Ninyi mliokuwa kazini zamu ya mchana, na mliosafiri, fungueni Biblia msome sura hiyo kwanza, kisha mrudi hapa. Ni sura ya maji, mifugo, mipaka na wivu. Mtu wa Kajiado hahitaji mfasiri wa kumweleza mambo hayo.

Isaka alikuwa mgeni katika nchi ya Wafilisti. Akapanda, akavuna mara mia. Kondoo wakaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, watumishi wakaongezeka. Wenyeji wakamwonea wivu. Wakachukua udongo wakaziba visima ambavyo watumishi wa baba yake, Ibrahimu, walikuwa wamevichimba zamani.

Sasa tulia hapo kidogo. Nchi ni kavu, na mtu anachukua udongo anaziba kisima. Hanywi yeye, hanywi mwenzake, hawanywi hata ng'ombe wake mwenyewe. Hasira ikifika kiwango hicho, mtu anakubali kukaa na kiu mradi tu jirani yake naye awe na kiu. Umewahi kuiona hasira ya namna hiyo? Mimi nadhani umeiona. Pengine iko kwenye ploti unayoishi.

Mfalme Abimeleki akamwambia Isaka ahame, kwa sababu amekuwa na nguvu kuliko wao. Isaka akashuka bonde la Gerari. Akavifukua vile visima vya baba yake, akavirudishia majina yake ya kwanza. Watumishi wake wakachimba bondeni, wakapata maji ya chemchemi. Wachunga mifugo wa Gerari wakafika mbio: maji haya ni yetu! Isaka akakiita kisima hicho Eseki, maana yake ugomvi. Akachimba kingine. Nacho wakakigombania. Akakiita Sitna, maana yake uadui. Akasogea mbele, akachimba cha tatu. Safari hii hakuna aliyekuja kugombana. Akakiita Rehobothi, maana yake nafasi.

Sisi watu wa kanisa tunaipenda Rehobothi. Tunaliandika jina hilo kwenye matatu, kwenye saluni, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Sijawahi kuona duka linaloitwa Eseki. Lakini Rehobothi ni kisima cha tatu, ndugu yangu. Hukifikii bila kupita viwili vya kwanza. Na kuchimba kisima kwa mikono si kazi ya siku moja wala ya kelele. Ni udongo kidogo leo, udongo kidogo kesho, na mgongo unauma.

Hilo ndilo neno la wiki hii. Tofauti zetu na watu hazishindwi kwa siku moja kubwa ya kupatana. Zinashindwa kwa jambo dogo unaloweza kulirudia kesho, hata ukiwa umechoka.

Kwa nini neno hili ni letu

Sensa ya 2009 iliwahesabu watu 687,312 katika eneo la Kajiado. Sensa ya 2019 iliwahesabu 1,117,840. Ndani ya miaka 10 wameongezeka zaidi ya watu 430,000. Wengi wao wako huku kwetu, karibu na Nairobi: Kitengela, Rongai, Ngong, Kiserian. Kuna waliozaliwa hapa, ambao baba zao walipeleka ng'ombe malishoni siku nzima bila kukutana na ukuta wala seng'enge. Kuna waliokuja kutafuta ploti ya futi 50 kwa 100, wakaweka mawe, wakaweka geti, wakamshukuru Mungu kwa kutoka nyumba ya kukodi. Kuna wanaofanya kazi Athi River na wanarudi usiku. Kuna mama mboga kutoka Nyeri, fundi kutoka Siaya, mwalimu kutoka Makueni.

Kwa hiyo katika safu moja ya viti hapa kanisani wamekaa Isaka na mchunga mifugo wa Gerari, na wameimba wimbo mmoja. Ibada ikiisha, mmoja anarudi nyumbani na kukuta mbuzi wa mwenzake wamekula sukuma wiki yote. Na mwenzake anarudi na kukuta njia ya ng'ombe iliyotumiwa na babu yake imejengwa ukuta wa mawe. Wote wawili wana kisa. Wote wawili wana uchungu. Wote wawili wameokoka!

Biblia haifichi mambo haya. Mithali 17:14 inafananisha mwanzo wa ugomvi na mtu anayefungulia maji yaliyozuiliwa. Ukishatoboa, huamui tena yatafika wapi. Na wazee wetu walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa unazibwa kwa konzi ya udongo. Ukuta unataka fundi, mawe, simiti na pesa ambazo huna.

Matendo 2 na Matendo 6

Nataka tuseme ukweli sisi watu wa Roho Mtakatifu. Tuna desturi ya kungoja jambo kubwa. Ndoa ina shida, tunangoja kesha. Majirani hawasalimiani, tunangoja mhubiri mgeni. Kwaya imegawanyika mara mbili, tunangoja siku 21 za kufunga. Kufunga ni kwema. Kesha ni jema, na mimi nitakuwa hapo mbele. Lakini tazama Biblia.

Katika Matendo 2 Roho alishuka, watu wakanena kwa lugha, na kwa siku moja wakaongezeka kama 3,000. Katika Matendo 6 kanisa hilo hilo linanung'unika, na linanung'unika kwa kufuata lugha! Wayahudi wanaosema Kiyunani wanalalamika kwamba wajane wao wanasahaulika katika mgao wa chakula, na wale wa Kiebrania wanapewa. Kanisa lililonena kwa lugha katika sura ya pili limegawanywa na lugha katika sura ya sita. Na chanzo si mafundisho. Chanzo ni sahani.

Mitume walifanya nini? Hawakusema hawa wajane wana pepo wa manung'uniko. Hawakutangaza kongamano. Waliwaambia waumini wachague watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wasimamie meza kila siku. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote saba ni majina ya Kiyunani. Maana yake waliolalamika wakapewa watu wanaoielewa lugha yao. Watu waliojaa Roho Mtakatifu wakawekwa kuhesabu mikate. Halafu mstari wa 7 unatuambia neno likazidi kuenea, na wanafunzi wakaongezeka sana.

Kesha linaweza kuvunja kiburi cha mtu saa nane usiku. Lakini saa kumi na mbili asubuhi mtu huyo atakutana na jirani yake kwenye mfereji wa maji, na hapo hakuna kinanda wala kwaya. Hapo kuna mitungi miwili na mfereji mmoja. Hapo ndipo tutajua kama kesha lilifika nyumbani.

Taa ya kijana wa Kitengela

Nichukue mfano wa hapa hapa. Mbuga ya Nairobi ilianzishwa 1946, na upande wake wa kusini, unaoelekea kwetu, uliachwa bila ua ili wanyama wapite. Anayefuga ng'ombe upande huu anajua maana yake. Simba akipita usiku, asubuhi unahesabu hasara. Juni 2012 simba walivamia boma hapa Kitengela wakaua mifugo, na asubuhi watu wenye hasira wakawaua simba 6. Habari hizo zilienda dunia nzima.

Wakati huo huo kulikuwa na kijana wa huku kwetu, Richard Turere, aliyekuwa na kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake. Mwaka 2013, akiwa na miaka 13, alisimama California mbele ya watu wengi akaeleza alivyofanya. Kwanza alijaribu moto. Ukawa kama unawamulikia simba ng'ombe zizini. Kisha akatengeneza sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba walikuja, wakaiona, wakaondoka. Siku ya pili wakagundua kwamba haisogei. Wakaingia wakaua. Mwisho, usiku mmoja alizunguka zizi akiwa na tochi, na simba hawakuja. Akaelewa kwamba simba wanaogopa taa inayotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha kuwashia taa za ishara za pikipiki, na balbu za tochi zilizoharibika, akaziunganisha zizini ziwe zinawaka na kuzima kwa zamu, kana kwamba mtu anatembea. Betri inachajiwa na sola mchana, taa zinafanya kazi usiku.

Wapendwa, jirani yako si simba, na nisisikie mtu akisema mchungaji amemwita hivyo! Ninachotaka uone ni ile sanamu. Sanamu ilifanya kazi siku moja. Amani yetu nyingi ni ya sanamu. Tunakumbatiana Jumapili mbele ya madhabahu, tunapigwa picha, na Jumanne kila mtu anagundua kwamba ile picha haisogei. Taa ndogo ndiyo iliyobaki. Haikuwa kubwa wala ya bei ghali. Ilikuwa inawaka kila usiku, hata usiku ambao simba hakuja.

Na tusisahau betri. Taa inawaka usiku kwa sababu ilichajiwa mchana. Upole wako wa jioni unatoka mahali. Kama asubuhi ulitoka bila neno na bila maombi, usishangae saa tatu usiku ukikosa hata tone la uvumilivu.

Pima kwa siku yako mbaya

Basi tufanye nini? Nitataja tabia nne. Kabla ya hapo nikupe kipimo. Usichague tabia kwa kupima siku uliyojaa upako. Pima kwa siku yako mbaya. Siku ambayo matatu imekwama kwenye foleni Mlolongo, maji yamekatika, mshahara umechelewa, na mtoto ametumwa nyumbani kuleta karo. Je, siku hiyo utaweza kulifanya? Kama huwezi, lipunguze. Ndivyo Bwana alivyowalisha watu wake jangwani katika Kutoka 16: mana ya siku moja kwa siku moja. Aliyelimbikiza ya kesho aliikuta imeoza. Na Yesu alipozungumza juu ya kujitwika msalaba, katika Luka 9:23, alisema ni wa kila siku.

1. Salimia kwanza. Usingoje aliyekukosea aanze. Salimia kwa jina, salimia kila siku, na kama unaweza, salimia kwa lugha yake. Ukimwambia mzee wa Kimaasai sopa, ukangoja akujibu epa, umemwambia kwamba unajua uko nyumbani kwake. Ukimwambia mama takwenya, atakujibu iko. Na wewe uliyezaliwa hapa, ukimuuliza jirani yako kutoka Murang'a wimwega, hutapungukiwa na kitu. Neno moja halimalizi ugomvi. Linaacha mlango bila kufuli.

Kuna dada wawili wa kanisa hili ambao wameniruhusu kusimulia bila majina. Wanaishi ploti moja yenye nyumba 12 na mfereji mmoja, na maji yanakuja mara mbili kwa wiki. Siku moja mmoja alikuta mtungi wake umesogezwa nyuma ya foleni. Mtungi mmoja wa lita 20! Miezi saba hawakusemezana. Watoto wakakatazwa kucheza pamoja. Mmoja akahama safu ya viti hapa kanisani ili asikae karibu na mwenzake. Tuliwaombea, wakapeana mikono, wakarudi nyumbani na kuendelea kunyamaza. Kilichobadilisha mambo ni kwamba mmoja aliamua kusalimia tu. Kila asubuhi: mama fulani, umeamkaje? Wiki ya kwanza hakujibiwa. Wiki ya pili hakujibiwa. Aliniambia, "Pasta, nilikuwa naona aibu kama mtu anayesalimia ukuta." Wiki ya nne akajibiwa, "Salama," bila kutazamwa. Leo kuna karatasi imebandikwa kando ya mfereji, ina namba za nyumba na zamu zake. Hao dada hawajawa marafiki, na sitawaambia kwamba ni marafiki. Lakini watoto wanacheza. Na mmoja akisafiri, mwenzake anamchotea maji. Mimi naita hiyo Rehobothi.

2. Nenda mwenyewe, nenda mapema. Mathayo 18:15 inatuagiza kwamba ndugu akikukosea, uende kwake ninyi wawili peke yenu. Si kwa dada yake. Si kwa kikundi cha WhatsApp cha ploti, wala cha kina mama, wala cha kwaya. Ujumbe ulioandikwa kwa hasira hauna uso na hauna sauti. Anayeupokea anaupa sauti mbaya kuliko yote anayoijua. Na ukishausambaza kwa watu 60, hata mkipatana ninyi wawili, wale 58 wanabaki na kesi mikononi.

Kwa hiyo weka kanuni moja ndogo: jambo likikuuma, usiandike. Tembea. Kama ni usiku na huwezi kutembea, piga simu kesho. Na wewe mwenye shamba la mboga, tafuta namba ya yule kijana anayepitisha mbuzi nyuma ya nyumba yako, uihifadhi kwa jina lake. Mpe na yako. Siku wakiingia mtampigia kabla hujatafuta jiwe. Na wewe mwenye mifugo, ukiona wamevunja ua wa mtu, usimwache aamke ajionee. Mpigie wewe kwanza. Simu hiyo ni ya dakika moja. Kesi kwa chifu ni ya siku nzima, na mara nyingine ya miaka.

3. Uliza kabla hujahukumu. Yakobo 1:19 inatutaka tuwe wepesi wa kusikia, na tusiwe wepesi wa kusema wala wa kukasirika. Zoea sentensi moja: nieleze wewe ulivyoona. Iseme, kisha nyamaza. Usiiseme kama wakili anayetega. Wakati mwingine utagundua kwamba jirani hakusogeza mtungi wako. Aliusogeza keateka alipokuwa akifagia. Wakati mwingine utagundua kwamba alisogeza kweli, na ana sababu ambayo wewe huikubali. Sawa. Angalau sasa mnagombania kitu kimoja. Watu wengi wanagombana miaka mingi, kila mmoja na ugomvi wake tofauti.

Na hili linatuhusu hata sisi kama kanisa. Ng'ambo ya ukuta wetu kuna watu ambao hawaabudu nasi. Kuna mtoto mchanga, kuna mgonjwa, kuna askari wa usiku anayelala mchana. Kabla ya kesha, wazee wa kanisa wawili waende wabishe hodi, waulize: spika zikielekezwa upande gani hamtaumia? Hilo nalo ni huduma. Jirani anayeulizwa hawezi kusema kwamba walokole hawajali watu.

4. Kunywa naye kitu. Kikombe cha chai, si karamu. Wamaasai wana desturi nzuri: mtu anayetaka amani anang'oa nyasi, anazishika mkononi, na mwenzake akiziona anaelewa. Nyasi hazinunuliwi. Ziko pale chini ya mguu, ndizo uhai wa ng'ombe, na mtu yeyote anaweza kuinama. Wewe tafuta nyasi zako. Ni kikombe cha chai, ni sukuma wiki kutoka shambani, ni maziwa nusu lita, ni kumfungulia geti mtu aliyebeba mizigo. Kiwe kidogo hivi kwamba mwenzako asione kwamba anadaiwa. Ukimpa mtu ng'ombe umemfunga. Ukimpa chai umemkaribisha.

Neno kwa anayeumizwa

Hapa nataka kusema polepole, ili mtu asitumie neno hili vibaya. Warumi 12:18 inatutaka tukae na watu wote kwa amani kama inawezekana, na kwa upande wetu. Kuna upande ambao si wako.

Dada, kama unapigwa nyumbani, sikuambii usalimie kwanza ukanyamaza. Tafuta mahali salama, mwambie mtu, ripoti polisi. Kanisa litasimama nawe. Ndugu, kama mtu ameuza kipande cha ardhi ya familia kwa hati ya uongo, usidanganywe kwamba ukristo ni kuacha. Nenda kwa wazee, nenda ofisi ya ardhi, nenda mahakamani ukitaka, na uende bila panga. Unaweza kudai haki yako kortini asubuhi na bado ukamsalimia mtu yule kwenye ngazi. Isaka mwenyewe alisogea, lakini hakuacha kuchimba. Hakusema basi, watoto wangu wafe kwa kiu kwa ajili ya amani. Kuna tofauti kati ya mpole na mtu aliyekata tamaa. Mpole bado ana jembe mkononi.

Na ninyi ambao mna nguvu zaidi katika ugomvi, mwenye ploti, mwajiri, mume, kiongozi wa idara kanisani: tabia ndogo zinaanzia kwenu. Ni rahisi mno kumwambia mnyonge awe mvumilivu.

Siku ile ile

Sasa tumalize na Isaka. Baada ya Rehobothi alipanda Beer-sheba. Usiku Bwana akamtokea, akamwambia asiogope. Isaka alifanya nini? Akajenga madhabahu, akapiga hema, na watumishi wake wakaanza kuchimba kisima. Kuchimba tena! Maombi na jembe mstari mmoja, Mwanzo 26:25.

Halafu mlangoni akatokea Abimeleki, yule yule aliyemfukuza, na rafiki yake Ahuzathi, na Fikoli mkuu wa jeshi. Isaka hakujifanya kwamba hakuna kilichotokea. Aliwauliza waziwazi wamemjia kwa nini ilhali wanamchukia na walimfukuza. Hilo ni swali la haki, na amani ya kweli haliogopi. Wakajibu kwamba wameona wazi Bwana yuko pamoja naye. Waliona wapi? Hawakuwa wamehudhuria ibada yake. Walimwona kwenye visima. Walimziba, akachimba. Walimgombania, akachimba. Hakurudi usiku kuziba vya kwao.

Akawaandalia chakula, wakala wakanywa. Asubuhi na mapema wakaapiana, wakaagana kwa amani. Na siku ile ile, Biblia inasema katika mstari wa 32, watumishi wakaja na habari: tumepata maji.

Ndugu yangu, dada yangu, inawezekana wewe uko kwenye kisima cha kwanza na kinaitwa Ugomvi. Inawezekana uko kwenye cha pili na kinaitwa Uadui, na umechoka, na unasema mimi nilijaribu. Neno la Bwana kwako wiki hii si kubwa. Chukua jembe. Wagalatia 6:9 inatuahidi mavuno kwa wakati wake tusipozimia roho. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hufikia maji.

Zoezi la wiki, kwa ushirika wa nyumbani

Chagua mtu mmoja. Usianze na aliye mgumu kuliko wote. Anza na yule ambaye mmepoa tu. Chagua jambo moja kati ya yale manne. Lifanye siku 7, iwe amejibu au hajajibu. Kila jioni kabla ya kulala mtaje kwa jina mbele za Mungu, ombea na watoto wake, na usilale na hasira, kama Waefeso 4:26 inavyotuonya. Siku ukisahau, usijihukumu na kuanza hesabu upya, endelea kesho. Alhamisi katika ushirika wa nyumbani, kila mtu aseme alichojifunza juu yake mwenyewe. Usitaje jina la mwenzako.

Tuombe

Baba katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa mji huu na kwa kila jirani uliyemweka kando ya ukuta wetu. Tupe neema ya leo, na kesho utupe ya kesho. Tusaidie kusalimia asiyejibu, kwenda kabla ya kuandika, kuuliza kabla ya kuhukumu. Walinde wanaoumizwa, uwape haki yao. Vifukue visima vilivyozibwa kati ya mtu na ndugu yake, kati ya mume na mke, kati ya mwenyeji na mgeni. Na siku maji yatakapopatikana, utukufu urudi kwako. Amina.

Mbarikiwe, wapendwa. Tukutane Jumapili, na anayekuja na jirani yake aje naye mapema, viti vipo.